Mathenge Hukatwa Chini ya Udongo

Mti wa mathenge ulipandwa Bamburi mwaka 1973. Miaka ya 1980 ukapandwa Bura na Hola kwa ajili ya kuni na kivuli. Sasa unaziba mifereji na malisho, toka Mto Tana hata Dadaab, njia ya Liboi.

Ukiukata kwa panga juu ya ardhi, kisiki huchipua matawi mengi kuliko kwanza. Fukua udongo, ukate mzizi shibiri moja chini. Mvua ikinyesha, rudi ung'oe miche ingali midogo.

Mbegu hupita salama tumboni mwa mbuzi. Saga maganda vizuri kabla ya kuwalisha. Kisha panda nyasi au mazao mara moja, maana ardhi tupu hukaribisha mathenge tena.