Mume ataka mtoto wa nne, mke asema basi

Ugomvi wa kuzaa mara nyingi hauanzi kwa kelele. Mume anasema watoto watatu ni wachache, mama mkwe anauliza mbona tumbo limekaa kimya, mke ananyamaza. Siku ya kumpeleka mtoto kliniki, anapitia chumba cha uzazi wa mpango, anachomwa sindano, anarudi nyumbani na kupika kama kawaida.

Watafiti Nava Ashraf, Erica Field na Jean Lee waliuchunguza ukimya huo mjini Lusaka, Zambia. Wanawake walioolewa walipewa vocha ya kupata huduma ya uzazi wa mpango. Baadhi walikabidhiwa wakiwa peke yao, wengine waume zao wakiwepo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliopewa pamoja na waume walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 19 wa kuifuata huduma hiyo, na uwezekano wa kuzaa uliozidi kwa asilimia 27. Huduma ilikuwa ileile. Uwepo wa mume ndio uliobadili mambo.

Utafiti huo uligundua pia jambo la kuhuzunisha: wanawake waliopewa vocha peke yao walieleza kwamba hawaridhiki sana na maisha yao. Wameepuka mimba, lakini siri inawala.

Na siri hii hukaa mwilini. Sindano ya miezi mitatu haiachi kitu kabatini, ila hubadilisha hedhi, na kwa wanawake wengi hedhi hukoma kabisa baada ya muda. Vijiti hupapaswa chini ya ngozi ya mkono. Vidonge hukutwa mkobani. Tena ukiacha sindano, uwezo wa kushika mimba hurudi taratibu, wastani wa miezi kama 10 tangu sindano ya mwisho. Haiharibu kizazi. Lakini katika nyumba ambayo mume hajui lolote, miezi hiyo huweza kugeuka kesi ya ugumba, na mke hawezi kujitetea bila kujifichua.

Kwa nini watu wanaolala kitanda kimoja wahesabu watoto tofauti? Sababu ni nyingi, zikiwemo ada za shule na heshima ya ukoo, ila kubwa ni kwamba hatari haibebwi kwa usawa. Kutokwa na damu nyingi, kifafa cha mimba na uchungu pingamizi humpata mmoja tu. Mfuko wa uzazi uliokwisha kubeba mimba nyingi huweza kulegea baada ya kondo kutoka, badala ya kujikaza na kubana mishipa, na hapo damu humwagika kwa kasi. Wanawake huambiana haya leba na jikoni. Mwanamume husubiri nje.

Ashraf na Field walirudi kulichunguza hili Zambia pamoja na watafiti wengine. Waume waliofundishwa moja kwa moja hatari za uzazi walipunguza hamu ya watoto zaidi. Wake walipofundishwa wao, habari haikuwafikia waume. Mume anajua mke hataki mimba, basi akimsikia akitaja kifo cha uzazi hudhani anatia chumvi.

Ndiyo maana naamini kumwambia mwanamke "kazungumze na mumeo" ni kumtwika mzigo ambao kliniki inapaswa kuubeba. Baba asikie kwa nesi au mkunga, mtu asiyegombana naye. Na mke anayehofia kupigwa au kuachwa asilazimishwe kumleta; haki yake ya kuhudumiwa haisubiri ruhusa.

Wakikaa wote mbele ya nesi, swali la "lini" ni jepesi kuliko la "wangapi". Shirika la Afya Duniani hushauri angalau miezi 24 ipite baada ya kujifungua mtoto hai kabla ya kutafuta mimba nyingine. Mke wa miaka 27 anaweza kusubiri hata zaidi ya hapo bila kupoteza mengi. Akiwa na miaka 37 hesabu inabadilika, kwa kuwa uwezo wa kushika mimba hushuka haraka zaidi kuanzia umri huo. Na ikiwa wa nne anatafutwa kwa sababu watatu wote ni wasichana, baba aelezwe wazi kwamba jinsia ya mtoto huamuliwa na mbegu yake mwenyewe, na kwamba hata baada ya wasichana watatu, nafasi ya mimba ijayo kuwa ya mvulana ni kama nusu kwa nusu tu.