Koili ya Volti 60,000 kwenye IST

Ingia duka lolote la spea Kariakoo uulize plagi za Toyota IST. Kabla hujatajiwa bei ya zile za kawaida, muuzaji ameshaweka boksi la iridiamu mezani. "Bosi, ukifunga hizi gari inakuwa nyepesi, na mafuta utaniambia mwenyewe." Akiona unasikiliza, anashusha na koili nyekundu zilizoandikwa volti 60,000. Ushauri wangu kwa mwenye injini ambayo haijabadilishwa chochote tangu itoke kiwandani ni mfupi: mshukuru, nunua plagi za namba iliyotajwa na mtengenezaji wa gari, uondoke. Maelezo ndiyo marefu.

Tuanze na hizo volti. Betri inatoa 12. Umeme wake unapita kwenye waya wa koili wenye mizunguko michache na kujenga sumaku. Kompyuta ya gari inapoukata ghafla, sumaku ile inaporomoka, na kwenye waya wa pili, wenye mizunguko maelfu, volti zinaanza kupanda. Zinapanda kwa kasi, lakini hazifiki namba iliyoandikwa kwenye boksi. Zinapanda mpaka pale mwanya wa plagi unaposhindwa kuuzuia umeme. Cheche inaruka, na kupanda kunakoma hapo hapo. Katika injini ya kawaida iliyo nzima, hatua hiyo hufikiwa kati ya volti 10,000 na 20,000 hivi, na koili iliyokuja na gari ina uwezo wa kupita 30,000. Ile ya 60,000 ikifungwa mahali pale pale itatoa volti zile zile, maana nauli ya daladala haipandi kwa sababu abiria ana noti ya elfu kumi mfukoni.

Mfizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volti za kuuvuka mwanya hutegemea upana wake ukizidishwa kwa mgandamizo wa gesi iliyomo. Ndiyo maana gari lile lile, likiendeshwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari ambako hewa ni nyepesi, linadai volti pungufu kidogo kuliko likiwa Dar es Salaam. Muuza koili wa Kirinyaga Road, Nairobi, ana mengi zaidi ya kujieleza kuliko mwenzake wa Kariakoo, ingawa sijamsikia akilalamika.

Haya, volti ni zile zile, lakini si cheche nene itachoma mafuta vizuri zaidi? Tupige hesabu. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST na Probox nyingi, ina ujazo wa cc 1,497 kwa silinda nne. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, kila silinda kwa mkupuo mmoja inavuta hewa isiyofika nusu gramu na petroli kama gramu 0.03. Petroli hiyo, pamoja na uchache wake, inabeba takriban juli 1,300 za joto. Cheche ina kama juli 0.05. Izidishe mara mbili, mara tatu, bado hujagusa hesabu ya nguvu. Kazi yake ni kuwasha tu, na mchanganyiko ulio sawa, sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, ni mwepesi mno kuwaka. Moto ukishashika, kinachousambaza ni msukosuko wa hewa na umbo la chumba cha kuchomea, mambo ambayo plagi ya bei yoyote haiyabadilishi. Kitu pekee katika mfumo huu kinachoweza kuongeza nguvu ni wakati wa kuwasha, na huo unapangwa na kompyuta ikisikiliza sensa ya kugonga kwa injini.

Imani ya cheche ghali ina asili yake, na zamani ilikuwa ya kweli. Kwa miongo mingi cheche iliendeshwa na pointi mbili za chuma zilizofunguka na kufunga ndani ya distributa. Pointi zinaungua, mwanya wake unahama, na injini ikizunguka kwa kasi koili haipati muda wa kujaa, hivyo cheche inadhoofika pale hasa inapotakiwa. Mwenye Peugeot 404, Volkswagen Beetle au Land Rover ya zamani aliyeng'oa pointi akaweka moduli ya elektroniki alipata faida ya wazi: gari linawaka asubuhi, na msasa wa kusugulia pointi unabaki kwenye boksi la vifaa. Aliye na gari la namna hiyo leo namwambia afanye bila kusita. Lakini 1NZ-FE haina pointi, haina distributa, haina hata waya za plagi. Kila plagi imekaliwa na koili yake. Maboresho hayo yalishafanyika kabla gari halijapakiwa melini Japani.

Iridiamu yenyewe si utapeli. Inayeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 2,450, wakati nikeli ya plagi za kawaida inayeyuka kwenye 1,455 hivi. Kwa hiyo ncha yake inaweza kuchongwa nyembamba, milimita 0.4 hadi 0.6 badala ya 2.5, na bado ikadumu. Ncha nyembamba hudai volti kidogo, jambo zuri kwa uhai wa koili. Faida kubwa ni umri: plagi za nikeli hubadilishwa baada ya kilomita 20,000 hadi 40,000, na iridiamu za maisha marefu zinafika 100,000. Kwa injini ambayo plagi zimefichwa chini ya manifoldi, na fundi anatoza kazi ya nusu siku, zinajilipa zenyewe. Za IST anazifungua kwa dakika chache. Halafu kuna zenye vidole vinne, ambazo cheche yake huruka kwenye kidole kimoja tu kwa wakati mmoja. Ile ya mkono wenye uma, SplitFire, iliishia mbele ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, na mwaka 1997 kampuni ikakubali kuacha kudai nguvu na nafuu ya mafuta bila ushahidi.

Mbona basi watu wanaapa kwamba gari limekuwa jepesi? Kwa sababu wametoa plagi zilizochakaa. Mwanya wa milimita 1.1 ukiliwa mpaka ukakaribia 1.5, injini inaanza kumisi mlimani, na plagi yoyote mpya itaonekana ya ajabu. Ulinganifu wa haki ni iridiamu mpya kwa nikeli mpya, na hapo sijaona tofauti ambayo dereva anaweza kuihisi kitini.

Gari linalomisi litibiwe. Mashine ya kupimia hitilafu ikisoma P0302, yaani silinda ya pili inamisi, hamisha koili yake uiweke kwenye ya tatu. Hitilafu ikihamia P0303, koili hiyo ni mbovu, nunua moja. Isipohama, angalia plagi, nozeli, mgandamizo. Ukikuta oili ndani ya shimo la plagi, sili za tapeti kava zimechoka na oili inaozesha mpira wa koili. Koili nyekundu nazo zitaozeshwa vile vile. Soma pia namba kabla ya kulipa. Kwa NGK na Denso, 11 ya mwisho ni mwanya wa milimita 1.1, na namba ya joto ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, wakati Bosch wanakwenda kinyume. Na iridiamu inayouzwa kwa bei ya nikeli ni nikeli iliyopakwa maneno.

Wapo wanaohitaji cheche yenye akiba kubwa: waliofunga turbo kwenye injini isiyo nayo, na, kwa Dar es Salaam, maelfu walioweka mtungi wa gesi asilia. Gesi ni ngumu kuwasha kuliko petroli na inawaka polepole. Mwanya ule ule unadai volti nyingi zaidi, na koili iliyokuwa hoi kimyakimya kwenye petroli inaumbuka siku ya kwanza ya gesi. Hapa iridiamu ya namba ya joto ya kiwandani ina maana, kwa sababu ncha yake nyembamba inashusha volti zinazodaiwa, na mwanya wa 0.7 hadi 0.8 unashusha tena. Zinunuliwe zikiwa na mwanya huo tayari. Ncha ya iridiamu ikigongwa na fundi mwenye haraka inakatika. Kitakachomsaidia zaidi mwenye gesi ni kifaa kidogo cha kuwahisha cheche gari linapotumia gesi, na hicho ndicho cha kumuuliza fundi kabla hajaanza kufunga mtungi.