Koti kitini, mwenyewe yuko kazi ya pili

KOTI limetundikwa kitini, kompyuta imewashwa na faili imefunguliwa juu ya meza. Anayemuulizia afisa mhusika huambiwa ametoka kidogo. Huenda yuko katika kliniki yake binafsi, chuoni anakofundisha vipindi vya ziada au dukani mwake, ilhali mshahara wa saa hizo hulipwa na mwajiri wake.

Mtindo huu una historia. Mnamo 1971, tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, haikuona ubaya watumishi wa umma kumiliki biashara, mradi watangaze maslahi yao. Ruhusa ilipokewa kwa mikono miwili, masharti yakasahaulika.

Katiba ya 2010, kifungu cha 77, inamkataza afisa wa serikali wa wakati wote kufanya kazi nyingine ya kumletea mapato. Hata hivyo, wanaolengwa hapo ni wakubwa kama vile mawaziri, majaji na magavana. Daktari wa hospitali ya umma hamo katika orodha hiyo. Yeye hubanwa na mkataba wake na kanuni za utumishi. Naye anayeumia ni mgonjwa aliyepanga foleni tangu alfajiri, ambaye mwishowe humfuata daktari yuyo huyo katika kliniki yake na kumlipa.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inahesabu kutoweka kazini bila ruhusa kuwa kosa kubwa linaloweza kumfutisha mtu kazi papo hapo. Lakini kifungu cha 41 kinamlazimu mwajiri kumweleza mfanyakazi kosa lake na kumsikiliza kwanza, akiandamana na mwenzake au mwakilishi wa chama.

Kifungu cha 19 nacho kinaruhusu kukatwa kwa mshahara wa siku ambayo mtu amekosa kazini kutwa nzima. Aliyetia sahihi asubuhi, akachomoka saa nne na kurejea saa tisa, hanaswi na kipengele hicho. Hapo ndipo koti hufaa.

Wengi hujitetea kwamba mshahara hautoshi, na kwa hakika maisha ni ghali. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini mtu atafute kazi ya jioni au ya Jumamosi. Haielezi kwa nini auze saa moja kwa waajiri wawili.

Tangu janga la corona la 2020, baadhi ya wafanyakazi huhudumu wakiwa nyumbani. Kwao hata koti halihitajiki.