Maji Yaliyokwisha Tumika Nyumbani

Nyumba yenye watu sita ikichota madebe 10 ya maji kwa siku, yaani kadiri ya lita 200, sehemu kubwa ya maji hayo hutoka nje tena yakiwa machafu: ya kuoshea vyombo, ya kufulia na ya kuogea. Watu hufikiri sana habari ya kupata maji, wala si ajabu, maana kuyachota ni kazi nzito. Lakini wachache hufikiri yaendako yakiisha kutumika. Mara nyingi humwagwa uani, pale pale kila siku, hata pakawa kidimbwi cheusi ambacho bata hukipenda na jirani hukichukia.

Yapasa ijulikane kwamba mbu si wa namna moja. Wale waletao malaria hupendelea zaidi maji yasiyo na uchafu mwingi, kama vidimbwi vya mvua. Lakini yuko mwingine, ambaye wataalamu humwita Culex, naye hustawi katika maji yaliyooza, hata ya makaro na ya vyoo. Huyu huuma usiku, na katika mwambao wetu ni mmoja wa waenezao matende na mabusha. Mwaka 1877, huko China, daktari Patrick Manson alionyesha kwamba minyoo ya ugonjwa huu huingia ndani ya mbu na kukua humo. Tena mwaka 1988, huko Makunduchi, Unguja, vyoo vya shimo vyenye maji vilitiwa chembe nyepesi za povu la plastiki, zikaelea na kufunika uso wa maji, mbu wakakosa pa kuzalia. Wenyeji wakapewa na dawa ya kumeza, na ugonjwa ukapungua sana. Kwa maji ya jikoni hapana haja ya chembe hizo. Yatosha maji yasikae wazi.

Njia iliyo rahisi ni shimo la kunywea maji. Kwanza ijaribu ardhi yako. Chimba kishimo cha futi 1, kijaze maji, yaache yanywewe, kisha kijaze tena na kutazama. Ikiwa saa nzima imepita na maji hayakushuka hata inchi 1, udongo huo ni mfinyanzi, nao utakukataa. Ikiwa yanashuka vizuri, chimba shimo la futi 3 kila upande na kwenda chini futi 4. Lijaze mawe au matofali yaliyovunjika, makubwa chini na madogo juu, ulifunike kwa gunia kuukuu na udongo. Mahali pa kuingilia maji weka kopo kubwa lililotobolewa matundu chini, ulijaze nyasi kavu. Nyasi hizo huzuia mafuta na makombo ya wali, ambavyo ndivyo viuavyo mashimo haya upesi kuliko kitu kingine. Zitoe kila juma, uzizike katika shimo la mbolea, utie nyingine.

Shimo na kisima visikaribiane. Hatua 40 ni kiasi chema, na shimo liwe upande wa chini wa mteremko. Hata wakati wa masika, kati ya sakafu ya shimo na maji ya ardhini zibaki futi 5 za udongo mkavu, maana udongo ndio uchujao.

Hapa watu wa pwani na visiwani wajihadhari zaidi. Penye mawe ya matumbawe maji hushuka upesi mno, na mtu hufurahi kwamba shimo lake halijai kamwe. Kumbe maji yamepita katika nyufa bila kuchujwa, nayo huenda yakafika kisimani anapoteka mtoto wa jirani. Mahali kama hapo, na penye mfinyanzi vilevile, afadhali kuyatumia maji juu juu, katika udongo wa shamba, kwa kupanda migomba. Fanya duara la upana wa futi 6 na kina cha futi 2, udongo utokao ukiwa tuta kulizunguka. Jaza matawi, majani makavu na maganda, kisha panda migomba na magimbi juu ya tuta. Maji humwagwa katikati, chini ya majani, wala hayaonekani tena.

Sabuni nyingi za kufulia zina chumvi iliyo jamaa ya magadi, na kila mkulima ajua udongo wa magadi ulivyo mgumu. Kwa hiyo fanya maduara mawili, uyatumie kwa zamu, mvua ipate kuuosha udongo. Usiyamwagie nyanya, matango wala cho chote kiliwacho kibichi. Maji ya kufulia nguo za mtoto mchanga yaende chooni, na yenye dawa ya kung'arishia nguo yasifike kwenye migomba. Wala usiyaweke katika pipa ukingoje kesho, kwa kuwa baada ya siku moja huanza kunuka na kuita mbu.

Shimo la mawe likianza kurudisha maji juu, lifukue, uyaanike mawe juani mpaka yakauke kabisa na utando wake kupukutika, kisha uyarudishe. Likirudia hali ile upesi, chimba jingine hatua chache kando, na lile la kwanza ulifukie na kupanda mpapai juu yake.