SOMA TARAKIMU, SOMA NA HERUFI YAKE

Ndugu msomaji, je, umepata kupanda gari lenye maandishi darini? Sisemi yale maandishi ya rangi ambayo wenye mabasi hupenda kuyaandika. Nasema kile kisanduku kilichofungwa kwenye dari ya gari, katikati, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Ndani yake kuna kioo kidogo cheusi. Katika kioo hicho hutokea tarakimu na herufi zinazong'aa. Kando yake kuna taa mbili za kusomea, na pengine kidroo cha kutilia miwani.

Magari ya zamani hayakuwa na kitu hicho. Lakini magari mengi yaliyokwisha kutumika ng'ambo huletwa nchini kwetu, na baadhi yake yanacho. Yamefika hata vijijini. Watu huyaendesha miaka mingi bila kujua kile kioo kinasema nini. Nami nilikuwa mmoja wa wasiojua, mpaka usiku mmoja katika mlima wa Kitonga.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 2019. Nilikuwa nimekwenda kuwatembelea wakulima wa vitunguu karibu na Ruaha Mbuyuni, bondeni, katika barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa. Jua lilipokuwa linatua, mama mmoja kijijini alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mkunga alimpima akaona mtoto amekaa vibaya. Akasema, "Huyu si wa hapa. Apelekwe hospitali sasa hivi."

Kijiji kilikuwa na gari. Wanakijiji walilinunua kwa michango yao, gari kuukuu lililotengenezwa Marekani. Mama alilazwa kiti cha nyuma, mkunga akakaa naye. Mimi niliomba nafasi mbele. Sehemu ya mizigo ilikuwa na magunia matatu ya vitunguu, na hapakuwa na wakati wa kuyashusha.

Nilitazama geji ya mafuta. Mshale wake ulikuwa umelala chini kabisa. Nikauliza, "Ndugu dereva, mafuta yapo?"

"Huo mshale ulikufa zamani," akajibu. "Mimi natazama huku juu." Akaonyesha kidole darini. Kioo kilisema 88. "Kilomita themanini na nane. Tunakokwenda hakufiki sitini."

Nikaridhika. Tukaondoka, tukaanza kupanda Kitonga. Mlima ule ni mkali, una kona nyingi, na malori hupanda polepole kama kinyonga. Kila mara dereva alitupa jicho darini. Tarakimu zikawa 86. Kisha 83. Kisha 79. Kwa kuwa tulikuwa tumekwenda kiasi cha kilomita tisa hivi, hesabu ilionekana sawa kabisa. Hapo injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

Tangi lilikuwa kavu.

Zile tarakimu hazikuwa za mafuta. Zilikuwa za joto la nje. Bondeni kulikuwa na joto la nyuzi 88 za Farenhaiti, ambazo ni sawa na nyuzi 31 za Sentigredi tunazozijua sisi. Tulipopanda mlima, baridi iliongezeka na tarakimu zikapungua. Dereva aliona zinapungua, akadhani ni mafuta yanatumika. Kando ya tarakimu ilikuwapo herufi ndogo, F. Herufi hiyo ndiyo iliyokuwa na habari yote, na sisi watu wazima wawili tunaojua kusoma hatukuisoma.

KILE KIOO KINASEMA NINI

Baadaye fundi mmoja wa Iringa alinieleza vizuri, nami nakueleza.

Kioo kile ni kimoja, lakini kina habari nyingi. Huonyesha habari moja au mbili kwa wakati mmoja. Chini yake kuna vitufe. Ukibonyeza kitufe, habari hubadilika. Kwa hiyo tarakimu peke yake haina maana. Mtu akikuambia "nipe tano," utamuuliza, "tano za nini?" Na kioo ni hivyo hivyo. Tafuta herufi iliyo karibu na tarakimu.

Ukiona F au C yenye kiduara kidogo juu yake, hilo ni joto la nje ya gari. F ni Farenhaiti, C ni Sentigredi. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutumia F. Usishtuke ukiona 100, maana ni kama nyuzi 38 zetu. Kipimo cha joto hilo hufungwa mbele ya gari, karibu na bamba la mbele. Gari likisimama juani, au likiwa limetoka safari na injini ni moto, kipimo hudanganywa na joto la injini. Liache gari liende kidogo, ndipo usome.

Tena angalia sana: joto hilo si joto la injini. Joto la injini lina geji yake kwenye dashibodi, yenye herufi C na H. Hapo C ni baridi na H ni moto. Mshale ukiendea H, simama. Usifungue mfuniko wa rejeta wakati ni moto, maana maji yatakurukia usoni.

Ukiona KM au MI, huo ni mwendo. KM ni kilomita. MI ni maili, na maili moja ni kilomita 1 na mita 600 hivi. Mwendo wenyewe waweza kuwa wa namna mbili: mwendo uliokwisha kwenda, au mwendo uliobaki kabla mafuta hayajaisha. Huu wa pili mara nyingi huandikwa pamoja na herufi DTE, au picha ndogo ya pampu ya mafuta.

Je, gari linajuaje mwendo uliobaki? Ndani ya tangi kuna boya linaloelea juu ya mafuta. Mafuta yakishuka, boya hushuka. Boya hilo ndilo linalopeleka habari kwenye mshale wa dashibodi, na habari hiyo hiyo hupelekwa darini. Sasa unaona kosa letu la pili. Hata kama tungebonyeza kitufe cha mafuta, tusingepata ukweli, kwa sababu boya lilikuwa limeharibika. Mshale ukifa, usiende kutafuta habari za mafuta darini. Wote wawili huambiwa na boya moja.

Na hata boya likiwa zima, ile hesabu ni ya kukadiria. Gari hutazama lilivyokula mafuta siku za karibuni. Tuseme zimebaki lita 10, na gari limekuwa likienda kilomita 8 kwa lita moja katika barabara tambarare. Kioo kitasema 80. Ukianza kupanda mlima na mzigo, gari laweza kwenda kilomita 4 tu kwa lita. Hapo lita zile 10 ni kilomita 40. Kioo hakijui kwamba mbele yako kuna Kitonga. Wewe ndiwe unayejua.

Zile herufi za N, S, E na W ni za dira. N ni kaskazini, S ni kusini, E ni mashariki, W ni magharibi. Zikiwa mbili pamoja, kama SW, maana yake ni kati ya kusini na magharibi, na huko ndiko iendako barabara ya Morogoro kwenda Iringa. Dira hufuata sumaku ya dunia, kwa hiyo sumaku nyingine huipoteza. Fundi alinichekesha kwa habari ya gari la kijiji kimoja lililofungwa kipaza sauti juu ya paa kwa ajili ya kutangaza mikutano. Kipaza sauti kina sumaku. Kuanzia siku hiyo dira ilisema kila mahali ni kaskazini. Kilipoondolewa, walilipeleka gari kwenye uwanja wa mpira, wakashikilia kitufe mpaka herufi CAL zikatokea, wakalizungusha polepole mara mbili tatu. Dira ikapona.

PEMBETATU CHINI YA VITUNGUU

Narudi Kitonga. Gari limezima kwenye kona, giza limeingia, na nyuma yake kuna mama mgonjwa. Dereva alivuta breki ya mkono, nami nikaruka kutia mawe nyuma ya magurudumu. Tukataka zile pembetatu nyekundu za kuwaonya wenye magari. Zilikuwapo. Zilikuwa sakafuni, chini ya magunia matatu ya vitunguu. Tukataka tochi. Tulipekua kijisanduku cha mbele ya abiria, tukapata stakabadhi, kandambili moja, na kopo la grisi. Tochi tuliikuta baadaye katika sanduku lililo kati ya viti viwili vya mbele. Dereva hakujua kwamba sanduku hilo lina sakafu mbili. Ukiinua ile ya juu, kuna nafasi nyingine chini.

Tulikata matawi tukayatupa barabarani. Kabla hatujamaliza, basi lilitokea kwenye kona. Lilifunga breki likasimama karibu sana nasi, hata nikasikia joto la injini yake miguuni. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Mwenye gari dogo lililokuwa likipanda alitusimamia. Alimchukua mama na mkunga wake. Kijana wa pikipiki aliteremka kutununulia petroli. Saa mbili tulikaa pale.

Tangu hapo huwa natazama vitu vinakowekwa ndani ya gari. Pembetatu, jeki, spana ya magurudumu na tochi viwe mahali ambapo mkono utafika gizani bila kushusha mzigo. Magari mengi yana nafasi chini ya kiti, au kisanduku pembeni nyuma. Vitafute katika gari lenu siku ya amani. Inua mikeka, vuta vidroo, fungua kila mfuniko.

Chupa ya maji ina tundu lake, karibu na breki ya mkono au mlangoni. Irudishe hapo kila unapomaliza kunywa. Usiiache sakafuni upande wa dereva. Chupa huviringika. Ikiingia chini ya kanyagio la breki, dereva atakanyaga na kanyagio halitashuka. Kitu kidogo hicho chaweza kuua watu wote garini.

Vitu vizito visiwekwe juu ya dashibodi wala kwenye ubao wa nyuma ya viti. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 kila sekunde. Likigonga mti, gari husimama, lakini jembe au jeki isiyofungwa haisimami. Huja na mwendo ule ule. Ni kama kitu kilichoanguka kutoka juu ya mnazi wenye urefu wa mita 10. Wewe hungekaa chini yake.

Kwa wale wanaochukua dawa za zahanati: gari likifungwa juani, joto la ndani hupita nyuzi 45 za Sentigredi kwa muda mfupi, na juu ya dashibodi huwa kali zaidi. Vidonge vingi vimeandikwa vihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Kijisanduku cha mbele si kabati la dawa. Chanjo ndiyo kabisa, inataka nyuzi 2 hadi 8, katika sanduku lake la barafu. Wala mtoto asiachwe humo hata kidogo, hata kama unakwenda dukani mara moja.

Yule mama alijifungua mtoto wa kike usiku ule ule, kwa kupasuliwa. Wote walikuwa wazima. Sisi tulifika hospitali baada ya saa nne za usiku, tukimkuta mkunga amekaa kwenye benchi, na aliyotuambia dereva na mimi hayaandikiki gazetini.

Nilipopita tena kijijini kwao mwezi wa Oktoba, boya jipya lilikuwa limefungwa na mshale unapanda. Darini dereva alikuwa amebandika vipande vya plasta, kimoja chini ya kila kitufe. Binti yake wa darasa la nne alimwandikia kwa kalamu ya wino: JOTO LA NJE. DIRA. MAFUTA.