Sauti Baada ya Kikoromeo

Wasikilizaji, mtu aliyeondolewa kikoromeo kwa sababu ya saratani hupumua kwa tundu la shingoni. Ulimi na midomo anavyo, lakini pumzi haifiki tena kinywani. Mwaka 1980 Wamarekani Mark Singer na Eric Blom walitangaza njia yao: kijivali cha silikoni, kilichopachikwa kati ya bomba la hewa na umio. Mgonjwa huziba tundu kwa kidole, pumzi huingia umioni, nyama za koo hutetemeka, naye husema. Sauti ni nzito, hata kwa mwanamke, lakini maneno yanasikika.

Tatizo ni fangasi. Hukitafuna kijivali hicho, na baada ya miezi kadhaa chai huvujia mapafuni. Lazima kibadilishwe. Basi kabla ya kisu muulizeni daktari: cha pili kitapatikana wapi, na kwa bei gani?