Mwani Hurejea Kwetu Bila Jina

Bahari ilikuwa imekupwa kwa bamvua nilipozuru Kibuyuni, katika pwani ya Kwale. Mama mmoja, aliyeinama akifunga vipande vya mwani kambani, aliniuliza: “Mwalimu, hawa wanunuzi mwani wetu waufanyia nini?” Jibu nilikuwa nalo kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, lugha inayonipa riziki, ulimi ulikuwa mzito.

Mwani huo ukichemshwa katika maji yenye magadi makali, ukachujwa na kukaushwa, hutoa unga uitwao karajinani. Jina limetoka Ayalandi, ambako carraigín ni mwamba mdogo; wenyeji wa huko waliuchemsha mwani wao pamoja na maziwa hadi yakaganda. Aina iitwayo spinosamu hutoa mgando laini unaonyumbuka penye kalisi. Kotonii hutoa mgando mgumu penye potasiamu, na bei yake ni bora, ila hudhoofika maji ya bahari yazidipo joto.

Matumizi yake ni mengi. Katika maziwa ya chokoleti, unga kidogo mno hushikamana na protini na kuizuia kakao isitue chini. Katika dawa ya meno huzuia maji yasijitenge na unga. Katika dawa za kunywa hushikilia chembe za dawa zienee chupa nzima. Aidha, huingia katika maganda ya kapsuli yasiyohitaji jelatini ya ngozi na mifupa ya wanyama, jambo lenye uzito kwa Mwislamu na kwa asiyekula nyama.

Yamkini msomaji atauliza: jina litamfaa nini mkulima? Mama yule huuza mwani mkavu kwa kilo, nao husafirishwa ng’ambo. Kisha huenda dukani akanunua bidhaa iliyoandikwa E407, asitambue kwamba huenda mle mna jasho la wakulima kama yeye. Asiyejua mali yake huishia wapi hujadili bei gizani. Hapana shaka neno peke yake halipandishi bei. Lakini wanawake wa Zanzibar na Kwale waliojua mwani una manufaa gani wamekwisha kuanza kutengeneza sabuni wenyewe, badala ya kungoja mnunuzi.

Basi nilijaribu kumweleza mama kwa kuzungukazunguka: kitu kinachoteleza, kinachofanya maji yawe mazito, kilichomo ndani ya mwani. Alinisikiliza kwa subira, kisha akacheka. “Kumbe ni ute wake!”

Naam, ute wa mwani. Nililitafuta neno katika makamusi, kumbe lilikuwa midomoni mwa mwenye mali. Nashauri liandikwe hivyo katika vitabu vya shule, na watengenezaji walichapishe kwenye vibandiko vya bidhaa zinazouzwa nchini, kando ya ile E407. Mama wa Kibuyuni ana haki ya kuisoma kazi yake.